Kaka Anamwandika Sajini, Mimi Namtafuta Baba

Shikamoo Shangazi. Baba yetu alifariki mwezi uliopita, nasi tunajitayarisha kwa hitima ya arubaini. Alikuwa askari wa jeshi la nchi kavu tangu 1976 hadi alipostaafu mwaka 1998 akiwa sajini. Kaka yangu mkubwa ameandika kijitabu cha wasifu wake: vyeo, kambi, nishani na safari ya Namibia, huku mama na sisi watoto tukipewa mstari mmoja mwishoni. Anataka pia kuongeza kwamba baba alipigana kuzima jaribio la mapinduzi la 1982 hapa Kenya, jambo ambalo marehemu hakulitaja hata siku moja. Mama, ambaye yuko edani, ameyasikia hayo akasema, "Huyo si mume wangu." Sasa nimetakiwa nikiandike upya. Lakini mimi nilizaliwa mwaka 1989 baba akiwa Namibia, nikakua nikimwona wakati wa likizo tu, na aliporudi nyumbani moja kwa moja nilimwogopa. Katika sanduku lake la bati tumekuta nishani, hati za kustaafu, risiti za mani oda na soksi za jeshi. Niandike nini? Na je, ni dhambi kusema kwamba nilimwogopa?
Binti wa Sajini, Langoni, Lamu

Marahaba, mwanangu. Mwenyezi Mungu amghufirie baba yako, awape nyote subira, na amjaalie mama yako amalize eda yake kwa salama.

Nianze na kaka yako, kwa sababu naona umemkasirikia kuliko anavyostahili. Mtu aliyelitumikia jeshi miaka 22 hawezi kuandikwa bila jeshi, na kurasa zile za vyeo na kambi zinahitajika, mradi kila tarehe itoke kwenye hati za kustaafu wala isitoke kwenye kumbukumbu za barazani. Kosa lake ni kudhani kwamba baba wa nyumbani ni mtu mwingine, anayeweza kutajwa kwa mstari mmoja baada ya sajini kumalizwa.

Jibu la swali lako umeliandika mwenyewe bila kulitambua. Umezitaja risiti za mani oda kati ya hati za kustaafu na soksi, kana kwamba ni takataka za sanduku. Zitoe, uzipange kwa tarehe juu ya mkeka, utazame mihuri ya posta. Nina hakika utaona majina ya miji ya mbali na Lamu, mwisho wa mwezi baada ya mwisho wa mwezi, na kiasi cha pesa ambacho leo kitakufanya utabasamu. Kijana wa kisiwani, aliyezoea bahari na joto, amesimama kwenye foleni ya posta ya bara siku ya mshahara, akaipeleka sehemu ya mshahara kwa mkewe kabla hajaingia dukani, kisha akaihifadhi risiti miaka yote hiyo, pamoja na nishani, ndani ya sanduku moja. Askari na baba wamo katika kikaratasi hicho kimoja, na sioni utakavyoweza kuwatenganisha hata ukitaka. Chagua risiti mbili au tatu, uzichapishe kijitabuni kama zilivyo, na mikunjo yake.

Kisha angalia mahali zinapokatika. Huenda zimekatika kwingi, maana karatasi hupotea, lakini kama kuna pengo katika miezi ya Namibia, mpelekee mama yako umwulize mlikula nini. Yuko edani, hatoki, na miezi 4 na siku 10 ni mirefu kwa mjane asiye na wa kuzungumza naye. Keti naye alasiri, umwache aseme kwa mpango wake mwenyewe. Wanawake wengi wa Lamu wa rika lake walilea watoto kwa kushona kofia za vito, zile za kuvaliwa na kanzu, tundu moja baada ya jingine, mpaka macho yakauma. Ikiwa naye alikuwa miongoni mwao, basi kofia hizo ni sehemu ya utumishi wa baba yako, wala zisiwekwe kwenye ukurasa wa shukrani. Nadhani aliposema "huyo si mume wangu" alikuwa akikataa kijitabu ambacho ndani yake nyumba haikuwa na mtu aliyeishikilia.

Kuhusu Namibia kwenyewe, andikeni vizuri, kwa maana wajukuu hawajui. Kikosi cha Kenya kilikuwa mojawapo ya vikosi vitatu vya askari wa miguu vya Umoja wa Mataifa vilivyopelekwa huko mwaka 1989, pamoja na vile vya Finland na Malaysia. Uchaguzi ukafanyika Novemba mwaka huo, na nchi ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Weka kuzaliwa kwako palepale, katika aya hiyohiyo. Msomaji ataelewa mwenyewe kwa nini mtoto na baba walikutana wakiwa wageni.

Habari ya 1982 iondoeni. Ni kweli kwamba waasi wa tarehe 1 Agosti walitoka katika jeshi la anga na kwamba jeshi la nchi kavu ndilo lililowazima, lakini mahali alipokuwa baba yako siku hiyo, na alichokiona, hapana mtu nyumbani kwenu anayejua. Alikaa nacho kimya hadi kaburini. Kaka yako asimjazie maneno. Andikeni kwamba mwaka huo alikuwa kazini, mkomee hapo. Vilevile msitaje majina ya wenzake bila ruhusa yao, wala habari ya jamaa yeyote aliye jeshini hivi sasa, hasa kama kijitabu kitasambazwa kwa simu. Lamu tunajua kwa nini.

Sasa hofu yako. Tumefundishwa kuwataja maiti wetu kwa mema, lakini kusema kwamba mtoto wa miaka 9 alimwogopa mwanamume aliyeingia ghafla nyumbani, labda akataka viatu vipangwe mstari mmoja dakani, pale mlangoni, si kumtaja marehemu kwa ubaya. Liandike, kisha uandike na lililofuata, kwa sababu hamkuishi miaka ishirini na kitu pamoja bila kitu kubadilika. Nani alimpikia kahawa? Alimfundisha nani kupiga pasi kanzu? Kama kuna jeraha zito zaidi ya hilo, nalo linahitaji msamaha, hilo si la kuchapisha. Umwombee dua, au uniandikie tena faraghani.

Hitima iwe hitima, Kur'ani na dua, na imamu ndiye wa kuulizwa kama wasifu usomwe baadaye au ugawiwe tu. Na kabla ya kupiga chapa, pelekeni nakala moja kwa askari wastaafu waliotumikia naye, wakague vyeo na majina ya kambi. Wazee hao wakifungua kijitabu, kosa la cheo ndilo watakaloliona mwanzo, na watalizungumza mpaka hitima ya mwaka.