Kutu ya Beetle: usilaze bati likiwa tupu

Kwenye Volkswagen Beetle ya zamani, kutu ya madigadi isikutishe. Madigadi zote nne zimefungwa kwa bolti. Unafungua, unazifanyia kazi juu ya meza, unarudisha na mpira mpya katikati. Kutu inayoua gari iko chini. Ng'oa kiti cha nyuma uangalie upande wa kulia, pale betri inapokaa: asidi ikimwagika miaka na miaka, sakafu hugeuka kuwa magamba. Kisha chukua bisibisi, dunga lile boksi la chuma linalopita chini ya mlango na kuleta joto kutoka kwenye injini. Bisibisi ikizama, hapo hakuna bati, kuna rangi tu.

Pitisha na sumaku kwenye bodi nzima. Isiposhika, chini yake kuna puti (ujazio wa kusawazisha bati) nene ya fundi aliyepita, na mara nyingi chini ya puti kuna tundu.

Boksi la chini ya mlango usilikate kabla ya kuchomelea bomba la kushikilia tundu la mlango. Ndilo linalobeba bodi. Ukilikata bila egemeo, bodi inalegea na mlango hautafunga tena sawasawa. Kata mpaka ufikie bati zima, siyo mpaka pale shimo linapoishia. Bati la bodi ni la milimita 0.8 hivi, kwa hiyo waya wa kuchomelea wa milimita 0.6 unatosha. Piga nukta moja, ruka, piga nyingine mbali, subiri hadi uweze kuweka kiganja. Anayevuta mstari mmoja mrefu ili amalize haraka atapata bati lenye mawimbi, na mawimbi hayo yatakula puti kilo nzima.

Sasa kutu ya juu juu, ambayo ndiyo inayodanganya wengi. Brashi ya waya kwenye grinda haiondoi kutu, inaing'arisha. Bati linameta, fundi anaridhika. Lisogeze juani, inama uangalie kwa karibu: utaona nukta nyeusi ndogo kama ufuta zimejificha kwenye vishimo. Hizo zote ni kutu hai. Piga msasa namba 80, kisha paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, sugua ingali mbichi, usiiache ikauke yenyewe. Rudia mpaka nukta ziishe. Halafu osha kwa maji na ukaushe papo hapo kwa upepo wa kompresa, maana asidi ikibaki, praima ya epoksi, ile rangi ya kwanza ya kukinga bati, haitashika.

Kuanzia hapo unashindana na saa. Pwani, iwe Mombasa, Tanga au Unguja, bati lililosafishwa jioni na kulazwa hivyo hivyo huamka na wekundu. Anza asubuhi na sehemu unayoweza kuimaliza siku hiyo hiyo. Futa mafuta kwa vitambaa viwili, kimoja chenye dawa ya kuondoa mafuta na kingine kikavu kinachofuata nyuma yake, na usiguse tena kwa mkono mtupu. Piga epoksi mikono miwili, yaani tabaka mbili. Uwiano wa hadina (dawa ya kugandisha) na muda wa kusubiri soma kwenye kopo, na tumia tina (ya kuzimulia rangi) ya kampuni hiyo hiyo.

Puti mimi naipaka juu ya epoksi iliyokauka na kukwaruzwa kwa msasa 180, siyo juu ya bati tupu. Puti hunyonya maji kama sponji, kwa hiyo isuguliwe kavu tu. Gramu 100 za puti zinataka gramu 2 hivi za hadina. Ukizidisha ili ikauke upesi, baada ya wiki chache doa litajitokeza juu ya rangi, hasa nyeupe. Praima ya kujaza ifuate, msasa 320, halafu 500, ndipo rangi.

Malengelenge madogo yanayotokea baada ya mvua ya kwanza husingiziwa rangi mbaya. Mara nyingi ni maji yaliyotoka kwenye kompresa isiyo na chujio, au praima ya kopo moja, isiyochanganywa na hadina, iliyoachwa nje wiki nzima.

Hadina ya rangi ya makopo mawili, yaani rangi inayochanganywa na hadina, ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Unataka ya kuleta hewa safi kwa bomba. Pumu inayotokana na kemikali hiyo haina mzaha.

Kiraka hupata kutu kutoka nyuma, palipoungua wakati wa kuchomelea. Rangi ikishakauka kabisa, ingiza nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi kwa mrija mrefu mpaka ichuruzike kwenye matundu ya chini, kisha zibua matundu hayo kwa waya ili maji yapate pa kutokea. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huimimina humo, inakula mipira, na siku ukirudi kuchomelea inawaka.