Maswali Yenu: Mwamba Uliopasuka Unapimwaje?

Msomaji, Kisoro: Chini ya lava yetu, mwamba unabanwa na nini?

Kwanza na uzito wa mwamba ulio juu yake. Kilomita 1 chini, uzito huo pekee huleta takriban megapaskali 27, kama mara 270 ya mgandamizo wa hewa usawa wa bahari. Mkazo (yaani nguvu inayoubana mwamba, kwa kila eneo) wa pembeni haukisiwi kirahisi hivyo. Bonde la Ufa linatanuka, na upande linakofungukia mwamba haubanwi sana. Huo lazima upimwe.

Kasese: Kwa kifaa gani?

Huchorongwa shimo, sehemu yake ikafungwa juu na chini kwa vizibo vya mpira vinavyovimba, kisha maji husukumwa humo hadi mwamba upasuke. Pampu ikizimwa, shinikizo hushuka ghafla halafu hupunguza kasi ufa unapojifunga. Hapo ndipo husomwa mkazo wa upande ule ambao mwamba unabanwa kidogo kuliko pande zote.

Kabale: Mwamba wa volkano umejaa nyufa tayari. Maji hayatavuja?

Yatavuja, na nashukuru umeuliza. Lava ikipoa husinyaa na kupasuka, mara nyingi kwa umbo la nguzo, na kati ya tabaka za lava hukaa majivu au vifusi. Maji hufungua ufa wa zamani kabla ya kupasua mpya, na hesabu ya kawaida huharibika.

Mwaka 1984 watafiti Cornet na Valette walieleza namna ya kuzitumia nyufa hizohizo. Kamera au chombo kingine hushushwa kwanza kurekodi kila ufa umeelekea wapi. Kisha ufa mmoja mmoja hufunguliwa polepole: shinikizo linalotosha tu kuuachanisha ni sawa na mkazo unaoubana. Mkazo kamili una vijenzi 6, yaani namba sita zinazohitajika kuueleza kwa pande zote, kwa hiyo ufa mmoja hautoshi. Zinatakiwa nyingi, zenye mielekeo tofauti. Mimi ripoti yenye namba moja tu, isiyotaja majaribio yaliyoshindikana, siiamini.

Fort Portal: Tutajua tetemeko litakuja lini?

Hapana. Waliopoteza ndugu katika tetemeko la Toro, Machi 1966, wanastahili jibu la wazi. Vipimo huonyesha nyufa zipi ziko karibu kuteleza, siku hazionyeshi.

Kampala: Basi faida ni nini?

Jotoardhi, yaani nishati ya joto la chini ya ardhi, kwa mfano. Nyufa zilizo karibu kuteleza mara nyingi ndizo hupitisha maji moto vizuri, kwa hiyo wanaotafuta mvuke mahali kama Katwe wakiujua mkazo, wataelekeza kisima kizikate nyufa hizo, na watajua pia upande ambao kuta za kisima zinaweza kumomonyoka.