Nguzo ya duara yenye ngazi

SWALI: Salaam wahariri. Nimeandika programu ya Boltzmann ya gridi (njia ya kuiga maji kwa vifurushi vya chembe vinavyoruka kwenye gridi na kugongana): maji yanapita nguzo ya duara yenye kipenyo cha visanduku 20. Nguzo ikitulia, ukinzani (kani ya maji inayoisukuma) hubadilika kila nisogezapo kitovu chake nusu kisanduku. Nikiitembeza, kani inarukaruka. Je, niongeze visanduku? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ukiongeza, utapunguza dalili tu. Unatumia mrudisho wa nusu njia: kila kifurushi cha chembe kinachoelekea ukutani unakigeuza katikati ya nodi (pointi za gridi) mbili, ukuta uwepo hapo usiwepo. Ukuta ulionyooka sambamba na gridi hauoni tatizo. Duara linageuka ngazi, na kitovu kikisogea ngazi zinajipanga upya.

Tumia njia ya Bouzidi na wenzake (2001). Kwa kila kiungo (mstari kati ya nodi mbili jirani) kinachokata duara, pima q, yaani umbali kutoka nodi ya maji hadi ukutani ukigawanywa kwa urefu wa kiungo. q ikiwa 0.2, kifurushi kinachorudi ni 0.4 ya kile kinachokwenda ukutani, jumlisha 0.6 ya kifurushi cha mwelekeo huohuo kwenye nodi ya nyuma (2q na 1 − 2q). Kuanzia 0.5 kanuni inageuka: q ya 0.8 inatoa 0.625 ya kinachokwenda na 0.375 ya kile cha mwelekeo wa kinyume kwenye nodi ileile, yaani 1/(2q) na (2q − 1)/(2q). Zote ziwe thamani za baada ya hatua ya vifurushi kugongana. Wengi hukosea kwa kupima q kutoka upande wa nguzo, na matokeo yanakuwa mabaya kuliko zile ngazi.

Pima programu yako kwa jaribio la kulinganishia la Schäfer na Turek (1996): mfereji wa kimo cha mita 0.41, kipenyo 0.1, kitovu mita 0.2 kutoka sakafu na kutoka mlango wa maji. Kwa namba ya Reynolds (uwiano wa msukumo wa mkondo na unato wa maji) ya 20, koefishenti ya ukinzani (ukinzani usio na vipimo) iwe kati ya 5.57 na 5.59.

Nguzo ikitembea, kifurushi kinachorudi ongezewa 6wρ(c·u), w ikiwa uzani wa mwelekeo huo, ρ densiti ya maji, c mwelekeo wa kurudi na u kasi ya ukuta. Ile q ikifika 0.5 au kuzidi, gawanya nyongeza hiyo kwa 2q. Lakini mruko wako, nadhani, unatoka kwenye nodi zinazofunuliwa nyuma ya nguzo. Hesabu hatua: kwa kasi ya visanduku 0.05 kwa hatua, nguzo huvuka kisanduku kila hatua 20. Kani ikiruka kwa mpigo huohuo, mkosaji ni huyo. Nodi mpya usiijaze msawazo mtupu (vifurushi vya maji yaliyotulia kimgongano). Ipe kasi ya ukuta, wastani wa densiti ya majirani walio majini, kisha nakili ile ziada isiyo ya msawazo kutoka kwa jirani aliye upande wa nje wa ukuta.

Katika kujumlisha kani, tumia c − u badala ya c tupu (Wen na wenzake, 2014). Kisha linganisha: nguzo iliyotulia ndani ya mkondo, na nguzo inayotembea kwa kasi hiyohiyo ndani ya maji yaliyotulia. Wastani wa kani ukitofautiana, rudi kwenye alama ya ile nyongeza ya 6wρ kabla ya kugusa kingine.