"Labda" na "hapana budi": ndugu wa tumbo moja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilipeleka kitenge kwa fundi hapa Ujiji, akaniambia, "Labda Ijumaa." Mzee jirani, aliyesoma madrasa tangu utotoni, akacheka: eti kwa Kiarabu neno hilo maana yake "lazima". Nimbane fundi kwa maneno yake?

JIBU: Marahaba, dada. Mzee wako hakukosea, ila Kiarabu chake hakitakushonea nguo. Waarabu husema "la budda", yaani jambo halikwepeki. Sasa litamke tena pole pole: "la" ni hapana, na "budda" ndiyo "budi" yetu. Kumbe "labda" na "hapana budi" ni usemi ule ule! Ule wa "hapana budi" tuliutafsiri nusu, ukabaki na uzito wake. Ule wa "labda" tuliumeza mzima, ukalegea.

Umelegeaje? Mimi naona njia ilikuwa hii. Boti imetia nanga, mgeni wako hujamwona, lakini unasema, "Lazima atakuwa ameshashuka." Umetamka lazima, na bado unakisia. Neno la uhakika likitumwa kila siku kazi ya kukisia, mwisho huhamia huko huko. Waingereza nao yamewakuta: "soon" yao, ambayo leo ni baadaye kidogo, zamani ilikuwa papo hapo.

Hata hivyo usilidharau "labda". Lina kazi ambayo "huenda" na "pengine" hayaiwezi. Muuza dagaa wa Kibirizi akikwambia, "Kwa bei hiyo siuzi, labda uchukue ndoo nzima," hakisii kitu. Anakupa sharti, "labda" hapo ni sawa na "isipokuwa". Weka "huenda" mahali pake uone sentensi inavyokwama. Sikiliza na kitenzi: "labda atachukua" ni kukisia tu, lakini mtu akishakataa, kisha akasema "labda uchukue", mlango ameuacha wazi kidogo.

Kinachoniudhi ni "labda huenda akaja", ambayo siku hizi naisikia hata redioni. Chagua moja.

Turudi kwa fundi. Angesema "sina budi kukupa Ijumaa", ungekuwa na haki ya kumgombeza. Kwa hilo alilosema, mpitie Jumamosi. Jioni.