Nepi za kitambaa au pampasi, na maji ni ya ndoo

Dada, hongera kwa mtoto. Unasema pampasi zinazorundikana jalalani zinakuumiza roho, ila maji ni ya kununua kwa ndoo na unahofia nepi za kitambaa zitamletea mtoto maradhi. Hofu yako ina msingi, lakini si lazima uchague kimoja. Mchana akiwa nyumbani mvalishe nepi, usiku na safarini pampasi.

Kwenye nepi, kazi iko kwenye ufuaji. Kwangua kinyesi chooni kwanza, loweka kwenye ndoo yenye mfuniko, kisha fua kwa sabuni na maji ya moto. Suuza mpaka povu liishe, maana sabuni ikibaki inawasha ngozi. Anika kwenye kamba juani, usitandaze kwenye majani, halafu piga pasi pande zote, hasa kwenye mishono. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto. Hapo usifanye uvivu hata siku moja.

Pampasi usitupe chooni: inavimba, shimo linajaa haraka, na gari la majitaka likija bomba linaziba. Usiichome uani pia, moshi wa plastiki ni sumu.

Mikono nawa kwa sabuni kila ukimbadilisha. Kibuyu chirizi, yaani dumu lenye tundu dogo linalochirizisha maji kidogo kidogo, kitakuokolea maji mengi.

Akitoka upele wenye usaha, akiharisha au akipata homa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.