Nilichelewa kupiga hodi Community Action

Juzi usiku wa manane dada mmoja msomaji aliniandikia: "Kaka, nimeletewa notisi, gesi wanakata Ijumaa na nina mtoto mchanga. Nianzie wapi?" Sikusubiri kukuche, nilimjibu palepale. Swali hilo lilikuwa langu miaka sita iliyopita, ila mimi sikumwuliza mtu. Niliona haya.

Tulikuwa tumepanga nyumba ya mbao hapa Ohio, Marekani, madirisha ya zamani, mwezi wa Januari. Bohari nililokuwa napakia vifurushi lilipunguza saa zetu Krismasi ilipopita. Wenyeji wa kazi walilijua hilo wakajipanga mapema. Mimi mgeni nikakutwa mikono mitupu, bili ya gesi ya kupasha nyumba joto ikanishinda. Tukahamia wote chumba kimoja. Mtoto wetu mdogo alikuwa akinywa uji na koti mwilini, mikono ya koti ikichovya bakulini.

Mke wangu akaniambia, "Baba Neema, kuna ile ofisi ya Community Action, wanasaidia watu." Nikamkata kauli. Mimi ninayetumiwa ujumbe na ukoo mzima wakitaka ada za shule, nikapange foleni ya msaada? Nikaenda kukopa kwa ndugu mmoja tunayesali naye. Alinipa, na wiki haikuisha kila mtu alikuwa anajua kwangu hakuna moto. Hela nilimrudishia yote. Lakini bado linaniuma, sitajifanya limepita.

Notisi ya pili ndiyo iliyonipeleka. Nilikaa ndani ya gari nje ya ofisi hadi vioo vikapata ukungu. Nilipoingia, mama aliyenihudumia hakutaka kujua nimeshindwaje maisha. Aliniuliza tuko wangapi nyumbani na mwezi uliopita tumeingiza kiasi gani. Basi.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba mashirika haya yalitokana na sheria ya mwaka 1964, Rais Lyndon Johnson alipotangaza vita dhidi ya umaskini. Yako takriban 1,000 Marekani nzima. Mengi ni mashirika binafsi yasiyo ya faida, ingawa fedha nyingi zinatoka serikalini. Kwa hiyo unapokwenda pale humwombi mtu mfukoni mwake. Laiti ningejua hilo kabla ya kwenda kukopa!

Sasa ushauri, na karibu wote ni karatasi. Siku ile ya kwanza nilirudishwa. Nilikuwa na karatasi za mshahara za wiki mbili, wao wanataka za siku 30, tena za kila mtu mzima anayeishi pale. Binamu yangu aliyelala sebuleni kumbe naye anahesabiwa! Chukua bahasha moja, weka bili, vitambulisho, kadi za Social Security (zile zenye namba ya hifadhi ya jamii) za wote na karatasi za mshahara. Notisi ya kukatiwa iwe juu kabisa, na uitaje kabla hujaanza kusimulia mengine. Sheria ya LIHEAP, mpango wa msaada wa nishati, inataka mwenye dharura aliyeomba na kutimiza masharti apewe msaada ndani ya saa 48, au saa 18 ikiwa maisha yako hatarini. Ukianza na hadithi ya maisha yako, wanaweza kukupa miadi ya kawaida.

Pia usiondoke na msaada wa bili tu. Uliza, "Kuna nini kingine?" Mimi swali hilo lilituletea mafundi wa kuziba mianya ya baridi nyumbani, baada ya mwenye nyumba kutia saini. Walifunga feni kubwa mlangoni ikavuta hewa ya ndani kuitoa nje, kisha fundi akapitisha kijiti cha moshi ukutani. Kwenye swichi ya taa moshi ulikatika ghafla na kuinama kama umepulizwa na mtu. Baridi ilikuwa inaingilia kwenye swichi! Miezi yote ile nilikuwa nagombana na mke wangu kuhusu madirisha.

Swali hilohilo lilimfikisha mwanangu Head Start, shule ya watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Si kila shirika linaendesha kila kitu, na mara nyingine fedha za msimu huisha, kwa hiyo wahi.

Na nijisifu kidogo. Mwezi uliopita nilichaguliwa kuingia bodi ya shirika hilohilo. Sheria inataka angalau theluthi moja ya wajumbe wachaguliwe kuwakilisha watu wa kipato cha chini, na theluthi nyingine wawe viongozi wa kuchaguliwa na wananchi au wawakilishi wao. Kikao cha kwanza niliketi karibu na diwani, nikazungumzia foleni ya asubuhi, naye akaandika.

Wanaume wenzangu, hasa sisi tunaopenda kuitwa "baba" mbele za watu, tuache kiburi. Mtoto hali heshima yako. Na ninyi mnaokopesha kisha mkatangaza, Mungu anawaona.

Dada wa Ijumaa ameniandikia tena asubuhi hii. Miadi amepata kesho saa tatu, ila karatasi moja ya mshahara wa mumewe haionekani. Nimemwambia ampigie mumewe aiombe kazini leo kabla ya saa sita, maana mchana wahasibu hawapokei simu.