Namna ya Kuchagua Matairi ya Trekta Dogo kwa Shamba la Mpunga na Mahindi

Matrekta madogo ya mtumba kutoka Japani, yenye nguvu za farasi kati ya 20 na 35, yamewafaa sana wakulima wa kiwango chetu, ambao mashamba yao hayatoshi kulipia trekta kubwa lakini jembe la mkono limekwisha kuwachosha. Mnunuzi huuliza injini imefanya kazi kwa saa ngapi, huchungulia oili, hujaribu haidroliki, kisha hulipa. Matairi huyatupia jicho mara moja tu, na akikuta kashata, yaani meno ya mpira yanayoshika udongo, bado ndefu huridhika. Kwa uzoefu wangu wa kulima mpunga Dakawa na mahindi katika ardhi ya juu hapo hapo wilayani Mvomero, kashata ndefu kupita kiasi ndiyo inayopaswa kumfanya mnunuzi aulize maswali zaidi, kwa kuwa mara nyingi ni dalili kwamba trekta hilo lilivishwa matairi ya tope.

Tazama ubavuni mwa tairi. Matairi mengi ya kilimo huandikwa alama ya herufi R na namba. R-1 ni tairi la kawaida la shamba kavu. R-1W lina kashata zenye kina zaidi kidogo, na hufaa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu. R-2 limetengenezwa kwa majaruba ya mpunga na mashamba ya miwa, na kashata zake zina kina kinachokaribia mara mbili ya kile cha R-1. Tairi la Japani huenda lisiwe na alama hizo, lakini jicho halidanganyiki, kwa sababu kashata za tairi la tope huwa ndefu, nyembamba na zimeachana sana. Kazi yake ni kupenya tope hadi kuifikia sakafu ngumu iliyo chini, kisha kujitema tope lote gurudumu linapozunguka.

Sifa hiyo hiyo hugeuka kuwa hasara mara trekta linapotoka jarubani. Juu ya ardhi ngumu uzito wote hubebwa na ncha za kashata chache, nazo hupinda, hupata joto na kulika upesi, hasa kwa mtu anayesafirisha mazao kwa tela kwenye lami ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma. Dereva naye hutetemeshwa kutwa nzima. Kwa hiyo swali la kwanza si tairi lipi ni imara kuliko mengine, bali ni kazi ipi inayochukua saa nyingi zaidi za trekta kwa mwaka. Ikiwa ni jaruba pekee, na trekta halitoki skimu ya umwagiliaji, R-2 halina mpinzani. Ikiwa ni kulima kwa plau na kupiga haro mahindi, kuvuta tela, na mpunga kwa majuma machache tu, mimi huchagua R-1 bila kusita, halafu msimu wa kuvuruga tope ninafunga magurudumu ya vizimba, yaani ya fito za chuma zilizo wazi kama kizimba, pembeni mwa matairi ya nyuma.

Chuma hicho kina historia yake, kwani matrekta mengi yalitembelea magurudumu ya chuma hadi mwaka 1932, kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilipoanza kuyauza yakiwa na matairi ya upepo. Katika tope bado hakuna kilicholishinda gurudumu la chuma. Liondolewe tu kabla ya kuingia barabarani, na dereva aonywe asivuke nalo tuta la mfereji, maana atalivunja na kuanzisha ugomvi na jirani wa chini anayesubiri maji.

R-3 ni tairi la nyasi, linafaa viwanja vya michezo na bustani za hoteli, na kwa mkulima halina kazi. R-4 ni la viwandani, lina kashata nene na ubavu mgumu. Mwenye trekta lenye sepeto la mbele, anayebeba mchanga na mawe, atalifurahia, na hata kwenye shamba jipya lenye visiki na miiba ya migunga hustahimili kuliko R-1. Likiingia kwenye udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua, hata hivyo, nafasi kati ya kashata hujaa udongo na haziachii, na kuanzia hapo tairi huteleza kama kipara.

Sasa nije kwenye ukubwa, ambako fedha nyingi hupotea. Tairi lililoandikwa 11.2-24 lina upana wa takribani inchi 11.2, sawa na sentimita 28, na hukaa kwenye rimu ya inchi 24. Kwenye trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne, ukubwa wa tairi la nyuma umefungamana na ule wa mbele kupitia gia, kiasi kwamba huwezi kubadilisha jozi moja kwa sababu tu umeipata kwa bei nafuu. Magurudumu ya mbele hupangwa yatangulie yale ya nyuma kidogo kwa mwendo, kwa kawaida kati ya asilimia 1 na 5. Yakitangulia mno, matairi ya mbele hulika ovyo, na yakibaki nyuma huwa yanaburuzwa, huku mkazo wote ukiishia kwenye gia na shafti.

Kupima si kazi ngumu. Chora mstari wa chaki kwenye tairi la nyuma na la mbele, hakikisha upepo uko sawasawa, kisha endesha polepole ardhi tambarare na ngumu, gia ya mbele, yaani ile inayoyafanya magurudumu ya mbele nayo yavute, ikiwa imetolewa, huku mwenzako akihesabu tairi la mbele limezunguka mara ngapi wakati la nyuma likizunguka mara 10. Rudia kwenye udongo mlaini gia ya mbele ikiwa imeingizwa. Hesabu ya pili inapaswa kuzidi ya kwanza kwa asilimia hizo chache. Ikiwa ni pungufu, au imezidi sana, jozi hizo hazifai kukaa pamoja hata kama zote ni mpya. Na gia ya mbele isitumike kabisa kwenye lami.

Upana nao una hesabu yake kwa mlima mahindi. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari, na ukapanga magurudumu yawe na sentimita 150 kutoka kitovu cha tairi moja hadi kitovu cha lingine, kila tairi hupita katikati ya mistari miwili, na tairi la sentimita 28 litabakiza takribani sentimita 23 kila upande. Tairi pana hupendeza na huelea vizuri kwenye udongo laini, lakini wakati wa palizi litakukanyagia mahindi. Rimu nyingi za nyuma zinaweza kugeuzwa ili kupanua au kupunguza umbali huo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa iwapo zile za trekta lako zinageuzika.

Kuhusu mzigo, angalia idadi ya plai. Plai 6 haimaanishi kuwa ndani mna tabaka sita, ni kipimo cha nguvu, na mwenye kuvuta tela anahitaji kipimo kikubwa kuliko anayelima tu. Sehemu ya uzito wa tela la magurudumu mawili hukaa moja kwa moja juu ya matairi ya nyuma ya trekta. Huku kwetu gunia la lumbesa linahesabiwa gunia moja ingawa uzito wake ni wa gunia na nusu au zaidi, hivyo anayepiga hesabu kwa idadi ya magunia anajidanganya. Rediali, tairi ambalo nyuzi zake za ndani hupita moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, ni nzuri, ila kwa trekta dogo sioni sababu ya kulipia tofauti ya bei. Tairi la nyuzi za mshazari linatosha.

Upepo ujazwe kwa kipimo, si kwa kupiga teke. Fundi aliyezoea magari hujaza tairi la trekta hadi likakauka, na tairi gumu shambani hugusa ardhi kwa eneo dogo, huteleza na kushindilia udongo. Ninapolima huacha ya nyuma kati ya psi 12 na 16 (psi ni kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye geji), na kabla ya kuvuta tela huongeza bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Kama bado trekta linateleza, pima umbali wa mizunguko 10 ya tairi la nyuma bila plau, kisha plau ikiwa ardhini. Ukipata mita 34 na mita 30, umepoteza karibu asilimia 12, na hiyo ni hali nzuri. Ikivuka asilimia 15, unachoma dizeli kwa kuchimba mashimo, na hapo ongeza uzito kwanza kabla ya kulaumu tairi.

Uzito wa bei nafuu ni maji. Valvu ikiwa juu kabisa, tairi hujazwa hadi usawa wa valvu, ambao ni takribani robo tatu ya nafasi yake, na tairi la 11.2-24 litapokea zaidi ya lita 100, yaani zaidi ya kilo 100 kila upande. Wenzetu wa nchi za baridi huongeza chumvi ya kalsiamu ili maji yasigande, nayo hula rimu. Morogoro hatuna haja hiyo, maji matupu yanatosha.

Kwenye tairi la mtumba tafuta namba nne zinazoonyesha lini lilitengenezwa. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Kisha upinde ubavu kwa kidole karibu na rimu, na ukiona nyufa ndogo zikifunguka, jua limekaa juani miaka mingi, hata kama kashata hazijaguswa.

Mwisho, simama nyuma ya trekta baada ya fundi kufunga. Kashata za matairi ya nyuma zinapaswa kuonekana kama paa la nyumba, ncha ikielekea juu, ili katikati iguse udongo kwanza na tope lisukumwe pembeni. Zikielekea chini, mwambie abadilishe upande siku hiyo hiyo, maji yakiwa bado hayajaingia.